Kurasa za Leonsi

Leonsi Umba, katika daftari hili una kurasa thelathini na moja
na hakuna hata moja iliyojaa.

Mimi nachaji simu hapa Katuba, napakia nyimbo kwenye kadi.
Rumba zinaondoka kwa mamia, nyimbo za kanisa usiseme.
Zako naziandika moja moja, kwa kalamu nyekundu,
kama mwalimu anayehesabu makosa.

Ulikuja mwaka ule mvua ilipochelewa,
gita begani, nyuzi zake mbili ni waya wa breki ya baiskeli.
Ukaniwekea wimbo. Ulianza kabla sijaketi,
ukaisha kabla chai haijapoa.
Dakika mbili na sekunde hamsini:
magita mawili yanagombania mlango mmoja,
ngoma inayasukuma yote ndani,
halafu kiitikio, sauti tatu, zote zako,
kikafunguka kama dirisha lililopigwa teke.
Mzee Kyungu, aliyekuwa akisubiri batri yake,
akauliza: "Sasa huyu anakimbilia wapi?
Hii haiko rumba. Sebeni yake iko wapi?"
Ukamwambia sebeni iko nyumbani, imelala.

Siku ya kwanza: mnunuzi mmoja. Dada yako.

Ulirekodi usiku wa manane, umeme ulipojisikia kurudi,
godoro limesimamishwa ukutani, blanketi kichwani,
jirani akigonga bati: kesho tuko na kazi!
Katika wimbo wa nne, mwenye masikio atalisikia lile bati.
Hukulifuta. Lilikuwa ndani ya mdundo.

Kisha akaja bwana wa viatu vyeupe, na karatasi za kusaini.
Akasema: taja majina. Mwenye machimbo,
mwenye malori, mke wa mwenye malori.
Kila jina na bei yake, dola mia, dola mia mbili.
Ukahesabu kwa vidole kwenye shingo ya gita,
ukamjibu: bwana, wimbo wangu ni mfupi,
wakiingia wote hao, mimi nitakaa wapi?

Jina pekee uliloimba ni la Ba Mwilambwe, mwenye nyumba,
aliyekuwa akikudai kodi ya miezi mitatu.
Akajisikia akipita mbio kwenye kiitikio cha pili.
Akasamehe mwezi mmoja.
Huo ndio mkataba wako mkubwa hadi leo.

Likasi jenereta ilikufa katikati ya wimbo,
watu kumi na tisa wakaumalizia kwa midomo.
Hiyo ulinisimulia mara nne.
Ya Kolwezi hukuisema; niliiona kwenye viatu,
na kwenye yale magunia mawili ya makala waliyokulipa.

Mpiga ngoma akaenda Kasumbalesa kupitisha unga.
Mpiga besi akaokoka.
Ukabaki wewe na kompyuta iliyong'oka herufi,
ukipiga vyote, ukijiitikia mwenyewe
kama mtu aliyejialika karamuni, akajikaribisha, akala.

Usidhani nakusifu. Albamu ya tatu ilikuwa mbaya.
Ulitaka kuwa na huzuni, na huzuni haikuenei,
inaning'inia mabegani kama koti la marehemu.
Nilikuambia. Ukanuna wiki mbili,
ukawa unapita upande wa pili wa barabara
na gita lako, na njaa yako, hata bukari yangu ukaikataa.

Jana alikuja binti mwenye sare ya shule,
ameleta simu ya bibi yake kuchajiwa.
Anasubiri, anapiga mluzi.
Ni wimbo wako wa nne, ule wa bati.
Nikamuuliza kautoa wapi; akainua mabega.
Tena mwisho kaubadilisha: unaposhuka wewe, yeye anapanda.
Nisamehe, Leonsi, ni mzuri kuliko wako.
Sikumtajia jina lako.
Nilishika kalamu nyekundu, sikujua niandike safu gani.

Hesabu ya mwezi: unanidai franka elfu nne na mia mbili.
Si bei ya nyuzi sita. Mbili, labda;
zile za baiskeli zipumzike.
Njoo kabla ya saa kumi na mbili.
Nikifunga, nimefunga.